Nani anayakumbuka maonyesho ya taarabu ya studio kwenye televisheni ya Zanzibar, na je, kuna aliyebaki na mkanda?

Mpenda Bashrafu (Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na nyinyi mlioko nje. Naomba msaada wenu kuhusu maonyesho ya muziki yaliyorushwa na Televisheni Zanzibar katika miaka ya 1970 na 1980. Nakusudia khasa yale ya taarabu yaliyopigwa studio mbele ya kamera, si yale yaliyochukuliwa kwenye kumbi au viwanjani siku za sherehe.

Televisheni yetu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa uongozi wa Mzee Aboud Jumbe, na ilianza moja kwa moja kwa rangi, ilhali wenzetu wa Bara walingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Kwa hiyo, kwa muda unaokaribia miaka 20, mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) au muimbaji wa taarabu aliyeonekana kwenye kituo cha televisheni cha nchi hii alionekana hapa kwetu tu. Ikiwa picha zile zimepotea, hakuna kituo kingine cha nchini tutakachokwenda kukiuliza.

Sauti tunazo, Alhamdulillah. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na leo bado tunamsikia kwa sababu walionunua santuri zake walizitunza majumbani mwao. Redio ya Rahaleo ilirekodi vikundi kwa miongo mingi. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikuja kurekodi hapa, ikatoa albamu ambazo ndani yake vimo vikundi vya taarabu vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Lakini albamu haikuonyeshi nani alikaa karibu na nani, wala jinsi mpiga fidla wa mbele alivyokuwa akiwapa wenzake ishara ya kuingia kwa kunyanyua upinde kidogo tu, wala namna muimbaji alivyosimama akiungojea muziki umfikie. Mimi ninajifunza fidla, na mambo hayo ndiyo ninayoyahitaji zaidi, kwa kuwa waliokuwa wakiyajua wanatutoka mmoja baada ya mmoja.

Kuna onyesho moja ambalo nimesimuliwa na watu tofauti. Kikundi kilianza kwa bashrafu, yaani muziki wa ala tupu wa kufungulia, kisha akaingia muimbaji wa kike. Katikati ya ubeti, uzi wa mpiga fidla mmoja ukalegea. Hakusimama wala hakuitupia macho kamera: aliendelea kupiga kwenye nyuzi zilizobaki huku akikaza kigingi kwa mkono wa kushoto kila alipopata nafasi, na aliyekuwa nyuma ya kamera akakaa kwenye mkono ule mpaka uzi ukarudi mahali pake. Kila anayenisimulia anautaja mkono. Hakuna anayekubaliana na mwenzake juu ya kikundi, mwaka wala wimbo.

Je, kuna aliyeliona? Na je, kuna mwenye mkanda wa video, hata kama umeharibika, wenye onyesho lolote la aina hiyo?

Bi Mkubwa wa Chake (Pemba)

Wa alaykum salaam mwanangu. Onyesho hilo nililiona, na mkono ule naukumbuka vizuri. Nitakueleza ninayoyajua kwa macho yangu, na niliyoyasikia kwa wengine nitayaacha.

Wakati ule hapa Pemba umeme wetu ulitoka kwenye majenereta, na ulikuwa haubashiriki. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja mwaka 2010. Kwa hiyo mwenye televisheni alikuwa na betri ya gari pembeni, na kwa ajili ya kuihifadhi hiyo betri tulikuwa hatufungui mapema: tulingoja taarifa ya habari imalizike ndipo tufungue kwa ajili ya muziki. Ndiyo maana watu wengi wa huku watakuambia onyesho lilianza na muimbaji. Bashrafu hawakuiona. Mimi niliiona kwa kuwa siku ile umeme ulikuwapo.

Muimbaji alivaa buibui lililofunguliwa usoni, na leso mabegani. Usiniulize rangi ya leso, kwa sababu televisheni tuliyotazamia ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, ingawa kituo kilirusha kwa rangi. Hilo nakushauri ulitumie kama kipimo unapohoji watu. Mtu akikupa rangi za sare za kikundi, muulize alitazamia nyumba ya nani na ilikuwa televisheni ya aina gani. Akishindwa kukujibu, huenda amechanganya na aliyoyaona ukumbini.

Juu ya tarehe, nadhani ninacho kitu cha kukusaidia. Sisi wasichana wa skuli tulikuwa na madaftari ya nyimbo. Wimbo ukipigwa, mmoja anashika ubeti wa kwanza, wa pili ubeti wa pili, wa tatu kibwagizo, kisha asubuhi tunakaa pamoja na kuuandika wote. Juu ya kila wimbo tuliandika jina la muimbaji kama mtangazaji alilitaja, na siku. Daftari langu lipo. Wimbo wa siku ile umeandikwa "Idi mosi, usiku", na karatasi zinazofuata zina maswali ya mtihani wa darasa niliokuwamo. Kwa darasa naujua mwaka, na kwa Idi unaweza kuipata tarehe yenyewe. Jina la muimbaji limo pia, lakini sitaliandika hapa mpaka nimezungumza na watu wake.

Fundi Mitambo Mstaafu (Unguja)

Shikamoo Bi Mkubwa. Maelezo yako ya betri na ya rangi ni ushahidi mzuri kuliko mengi niliyowahi kuyasoma.

Mimi nilifanya kazi ya mitambo ya picha kwa miaka mingi, ndani na nje ya nchi. Ningependa kueleza kwa nini maonyesho ya aina hii yanapotea duniani kote, ili mwenye kuuliza ajue atafute wapi na asipoteze nguvu pasipostahiki.

Mkanda wa video wa vituo vya televisheni wa zama zile ulikuwa kitu cha ghali mno. Mitambo ya mwanzo, iliyotoka Marekani mwaka 1956, ilitumia mikanda yenye upana wa inchi mbili, na ubora wake mkubwa machoni pa wahasibu ulikuwa ni kwamba unaweza kufutwa na kurekodiwa tena. Mwaka 1971 Sony walileta U-matic ya robo tatu ya inchi, nayo ikarahisisha kazi, lakini desturi ya kufuta ilibaki palepale. Kipindi cha muziki kilihesabiwa kuwa kitu cha wiki moja. Marudio yalihitaji idhini na malipo ya ziada kwa wasanii, video za majumbani zilikuwa bado, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu atataka kuitazama nyimbo ya Alhamisi iliyopita baada ya miaka 50.

Tazameni yaliyowapata BBC, shirika lenye fedha na majengo. Kipindi chao cha Top of the Pops kilianza tarehe 1 Januari 1964, na sehemu kubwa sana ya maonyesho ya miaka yake ya mwanzo haipo. The Beatles walifika studio kukiimbia moja kwa moja mara moja tu, tarehe 16 Juni 1966, na mkanda ule ukapotea. Kilichobaki ni kipande kifupi kisicho na sauti, kilichojulikana mwaka 2019, kwa sababu familia moja ya Liverpool iliielekeza kamera yake ya filamu ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni. Hata mtoto wa hapa kwetu yamemkuta: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, alionekana na kundi lake la Queen kwenye kipindi hicho kwa mara ya kwanza Februari 1974, na mkanda wa siku ile haukubaki katika hifadhi ya BBC.

Katika yote hayo, kisa ninachokipenda zaidi ni cha David Bowie. Januari 1973 aliimba "The Jean Genie" kwenye kipindi hicho, na mkanda ukafutwa. Lakini mpiga picha John Henshall alikuwa ametumia lenzi ya pekee aliyoibuni mwenyewe, akaomba nakala ya inchi mbili ili aitumie kuonyesha kazi yake. Nakala ile akakaa nayo hadi mwaka 2011, ndipo ikajulikana kwamba hakuna nyingine. Hakuiokoa kwa kuwa ni Bowie. Aliiokoa kwa kuwa ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka ndugu yangu Mpenda Bashrafu atazame. Hilo onyesho la mkono na kigingi, kamera haikwenda pale kwa bahati. Kuna mtu aliyeamua kuikazia picha ile na kuacha uso wa muimbaji, na mtu wa namna hiyo aghlabu hujua amefanya jambo. Watafute wapiga picha, wapanga taa, mafundi wa sauti na watoto wao kabla ya kuwatafuta viongozi wa vikundi. Halafu utafute Maskati, Dubai na London. Tangu deki za VHS zilipoingia majumbani, ndugu zetu walipokuja likizo walirekodi kila walichokiona kwenye televisheni ili wakawatazamishe wazee waliobaki huko ugenini, na kwa kuwa Oman, Imarati na Uingereza zote zilitumia mfumo wa picha za televisheni wa PAL kama sisi, mikanda hiyo ilichezeka huko bila tatizo. Nimewahi kuona kwa macho yangu mkanda wa harusi ambao mwisho wake, baada ya bibi harusi kuondoka, kulikuwa na dakika kadhaa za taarabu ya studio zilizosalia kutoka rekodi ya awali. Basi msiishie kwenye maandishi ya jalada. Mkanda unaosema "harusi" utazameni hadi mwisho.

Kijana wa Michenzani

Shikamooni wazee wangu. Sina video, lakini marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kaseti za sauti alizozirekodi kwa kuiweka redio kaseti mbele ya spika ya televisheni. Katika moja kuna kikundi kinachoanza na bashrafu, kisha mtangazaji anataja jina la wimbo, kisha anaimba mwanamke. Kwenye ubeti wa tatu fidla moja inapungua sauti kwa muda, inapanda kidogo kama inayotafuta, halafu inarudi sawa. Nyuma yake watu wa nyumbani wanasikika: mtoto anakohoa, na mtu mzima anasema, "Mtazame, mtazame anavyoukaza." Nilidhani wanamsema mtu mwingine chumbani. Baada ya kuwasoma nyinyi, nywele zimenisimama.

Je, kaseti ya namna hii ina faida yoyote ikiwa picha haipo?

Fundi Mitambo Mstaafu (Unguja)

Ina faida kubwa sana. Tafadhali usiicheze tena mpaka umesoma haya.

Kwanza, itazame mgongoni. Kuna vibanzi viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kaseti. Vivunje vyote viwili, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa makosa, mashine ikatae. Ukikuta vimeshavunjwa na juu yake pamebandikwa selotepu, ujue kuna wakati mtu alitaka kurekodi juu yake, basi ibandue hiyo selotepu. Mikanda ya VHS nayo ina kibanzi chake, kimoja tu, na dawa ni hiyo hiyo.

Pili, angalia kama kuna ukungu. Katika hewa yetu ya pwani, mkanda uliofungiwa kabatini hufanya vumbi jeupe au nyuzinyuzi kwenye ukingo wa utepe uliojikunja, na kwa VHS utauona kupitia kidirisha cha juu. Mkanda wenye ukungu usiutie kwenye mashine yoyote. Utachafua hedi inayosoma utepe, utepe utakwama au kukatika, na mashine hiyo itaupeleka ukungu kwenye mkanda utakaofuata. Usiuanike juani, na usiufute kwa spiriti. Uweke peke yake kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu penye hewa, mpaka apatikane mwenye ujuzi wa kuusafisha.

Kama ni safi, isogeze mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulegee, kisha uirekodi kwenye kompyuta kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukata chochote. Usiondoe kikohozi, usiondoe sauti ya yule mtu mzima, wala usiitie programu ya kusafisha mikwaruzo ya sauti. Maneno yale "anavyoukaza" ndiyo yanayothibitisha kwamba sauti hii na picha anayoikumbuka Bi Mkubwa ni onyesho moja. Ukishahifadhi nakala hiyo ghafi, nakala ya pili uisafishe utakavyo.

Mwana wa Kokoni (Unguja)

Nimewafuata kwa hamu kubwa, kwani nimekulia karibu na nyumba ya Ikhwani Safaa na watu hawa nikiwaita baba na mama. Ndiyo maana nina neno ambalo lazima niliseme.

Waimbaji wengi wa kike wa zama zile waliacha kuimba. Wengine waliolewa na waume wasiopenda, wengine walikwenda hija wakarudi na nia ya kuyaacha mambo yale, na wengine walichoka tu. Yupo ambaye wajukuu zake hawajui kabisa kwamba aliimba. Bi Kidude aliimba hadi uzee wake na dunia nzima ikamwona, lakini haifai kumfanya yeye kuwa kipimo cha wote. Mtu aliyekubali kuonekana usiku mmoja, mbele ya watu wa visiwa hivi, hakukubali kwamba sura yake izunguke kwenye simu za watu asiowajua baada ya miaka 40. Sisemi mikanda isitafutwe. Nasema kuipata na kuitangaza ni mambo mawili, na la pili linahitaji idhini ya muimbaji, au ya watoto wake kama ametangulia. Kuna pia haki za mtunzi wa mashairi na wa muziki, na kwa hilo ofisi ya hakimiliki, COSOZA, ipo na inaweza kuulizwa.

Bi Mkubwa amefanya jambo la heshima kwa kulizuia jina. Naomba wengine tumfuate.

Bi Mkubwa wa Chake (Pemba)

Ahsante mwanangu. Ndivyo nilivyolelewa. Muimbaji mwenyewe yu hai, na bintiye ninamfahamu. Nitakwenda kwao na daftari nimwonyeshe mashairi yake kwanza, kabla ya kumtajia televisheni wala kaseti. Akifurahi kuyaona tutaendelea. Akinyamaza, nitaelewa, nanyi mtanisamehe.

Mpenda Bashrafu (Unguja)

Sikutegemea kupata mengi kiasi hiki, na nawashukuru nyote kwa dhati.

Nakubaliana na Mwana wa Kokoni, na kuanzia sasa naomba majina ya waimbaji yasiandikwe hapa mpaka wenyewe wameridhia. Majina ya wapigaji ala yaacheni pia kwa sasa, kwani kikundi kikishajulikana na muimbaji atajulikana. Nakala zitakazopatikana hatutaziweka mtandaoni. Zitakaa kwa wenye mikanda, na familia ya msanii ipewe yake.

Kijana wa Michenzani, mimi nina kifaa cha kuhamishia kaseti kwenye kompyuta na ninaishi Kikwajuni, si mbali nawe. Nakuomba uje nayo mwenyewe na uondoke nayo mwenyewe, sitaki ilale kwangu hata usiku mmoja. Nitakachokitafuta kwanza ni ule ubeti wa tatu, kwa sababu kwa kusikiliza ni uzi upi uliokosekana nitaweza kujua kidole gani kilibaki huru na alipata wapi nafasi ya kukikaza kigingi bila kuuacha wimbo. Hilo naweza kulijaribu kwenye fidla yangu hata kama picha haitapatikana.

Na kwa mliopo Maskati, Dubai na London: tafadhali tazameni mikanda ya harusi ya kati ya mwaka 1980 na 1990 hadi mwisho wake, lakini kagueni ukungu kabla ya kuitia kwenye deki. Mkikuta muziki wa studio, andikeni hapa mambo manne tu: mkanda ulirekodiwa wapi, ala zipi zinaonekana, mtangazaji alisema nini, na kama picha ni ya rangi au la.